Vichezeo vya Mtoto na Mtungi Mmoja wa Maji

(Mada iliyosomwa baada ya Swala ya Alasiri mbele ya kina mama na vijana, Mutomo)



  Mama zetu, dada zetu, na nyinyi kaka zetu mlioketi huko nyuma karibu na mlango kana kwamba mada hii haiwahusu, nisikilizeni.

Zamu yangu ya kutoa mada ilipofika, ndugu zangu wa jumuiya walitaka nizungumzie fadhila za kumi la mwisho. Nikawaambia hilo ustadh ataliweza kuliko mimi. Mimi nasoma mambo ya afya ya jamii chuo kikuu, na kila nikirudi likizo swali ninaloulizwa na kina dada si la fadhila, ni la mtoto. Tena mara nyingi ni hili hili: hivi vitu anavyochezea mtoto vioshwe mara ngapi, na vioshwe kwa kiasi gani? Kuna wanaoviosha mpaka rangi inatoka. Kuna wengine hawajaviosha tangu vinunuliwe, na wanasema mtoto lazima ale vumbi kidogo ndio akomae.

Najua wengine mnasema moyoni, huyu binti hajaolewa wala hajazaa, atatufundisha nini? Ni kweli sijazaa. Lakini mimi ni kifungua mimba na nyuma yangu wako watano, kwa hivyo kubeba mtoto nimebeba.

Vitabu vya malezi, na hata vile vikaratasi vinavyokuja ndani ya pakiti, vinasema osha kichezeo kila siku kwa maji ya moto, halafu suuza kwa maji mengi yanayotiririka. Aliyeandika maneno hayo ana mfereji jikoni kwake. Sisi tuko Kitui Kusini. Mvua tunayoitegemea ni ile ya Oktoba mpaka Disemba, na ikikatika tunachimba mchanga wa mto. Kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2023 misimu mitano ilifuatana ikatuangusha, na hakuna haja ya mimi kuwaeleza maji yaliuzwaje wakati ule, kwa sababu ni nyinyi mliokuwa mkiyanunua mtungi kwa mtungi kutoka kwa wenye punda. Miaka hii Ramadhan nayo inatuangukia Februari na Machi, kabla mvua za masika hazijashuka, wakati mchanga umekauka. Sasa ukimwambia mama aliyefunga, aliyebeba mtungi wa lita ishirini kutoka mtoni, kwamba atumie lita kumi kuosha kayamba na gari la plastiki, atakuitikia kwa adabu kisha aende zake. Na atakuwa hana makosa.

Kwa hivyo swali la kweli la hapa kwetu ni hili: haya maji machache tuliyo nayo, tuyapeleke kwenye kichezeo kipi, na wakati gani?

Nianze na jambo ambalo naona ndilo linalotuchanganya sisi tuliopitia madrasa. Tumezoea kuuliza, je, kitu hiki ni tohara? Kikiwa tohara basi tumemaliza. Ni swali zuri na ni la lazima kwa ajili ya swala, lakini halijibu kila kitu kuhusu tumbo la mtoto. Tohara ina mizani yake na maradhi yana mizani yake. Mara nyingi mizani hizo mbili zinakubaliana, lakini si kila mara.

Tuchukue mifano. Mate ya mtoto ni tohara. Mtoto akinyonya kijiko cha mbao mpaka kikalowa chepechepe, ukikishika ukaswali, swala yako haina neno. Lakini kama mtoto huyo ana mafua, na kijiko hicho hicho akakichukua mtoto wa jirani akakitia mdomoni, mafua yamehama. Kinyume chake ni mkojo. Mkojo ni najisi hapana shaka, lakini mkojo wa mtoto mzima wa afya ni nadra kumwambukiza mtu kuharisha. Tena mnaijua ile habari iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya Ummu Qays aliyempeleka mwanawe mchanga kwa Mtume (S.A.W.), mtoto ambaye alikuwa hajaanza kula chakula. Mtoto akamkojolea, na Mtume akaagiza maji akanyunyizia mahali pale, hakufua. Ndio maana katika madhehebu yetu ya Shafi mkojo wa mtoto wa kiume ambaye hajatimiza miaka miwili, na chakula chake ni maziwa tu, unanyunyiziwa, na wa msichana unaoshwa.

Sasa tazameni mfano wa tatu, ndio mgumu. Kinyesi cha kuku kimekauka uwanjani kikawa vumbi. Kichezeo kikavu kimeanguka juu ya vumbi lile kavu. Fiqhi inasema najisi kavu ikigusana na kikavu haihamishi unajisi. Unakung'uta, unaendelea. Lakini vijidudu havikusoma Safinatun Najaa. Mayai ya minyoo yanaweza kukaa ardhini miaka yakingoja mtoto, na virusi vya rota, ambavyo ni mashuhuri kwa kuharisha watoto, vinaweza kuishi siku kadhaa juu ya kitu kikavu. Kwa hivyo mama anayesema "mbona hakikunajisika" anasema kweli, na mtoto wake bado anaweza kuugua.

Na kuna moja ambapo mizani zote mbili zinasema neno moja lakini sisi ndio hatusikii. Tunasema kinyesi cha mtoto anayenyonya hakina ubaya, ni maziwa tu yale. Hapana. Ni najisi, na ni chanzo cha maradhi sawa na cha mtu mzima, na akiwa anaharisha ni zaidi. Maji tuliyofulia nepi tunayamwaga wapi? Pale pale nyuma ya jikoni, na kesho yake mtoto anatambaa hapo na kijiko chake mkononi. Maji yale yamwagwe chooni. Kama choo kiko mbali, basi yamwagwe kwenye shimo ambalo mtoto hafiki.

Mtu atauliza, yote haya ya nini? Kwani watoto wetu si wamekua? Wamekua waliokua. Ule uchunguzi wa serikali wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2003 ulionyesha kwamba kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa Kenya, 115 hawakuwa wanafika miaka mitano. Wa mwaka 2022 ulionyesha 41. Alhamdulillah, tumesogea mbali, na moja ya hatua ilikuwa chanjo ya rota iliyoanza kutolewa nchini Julai 2014, ile ya matone ya mdomoni. Lakini 41 si idadi ndogo ukiwa wewe ndiye mama wa mmoja wao, na kuharisha bado ni moja ya sababu kubwa. Mtoto wa miezi minane hana akiba ya maji mwilini. Akiharisha asubuhi na kutapika mchana, jioni macho yameingia ndani. Ukiishi Mutomo mjini hospitali iko karibu. Ukiishi ndani kule Mutha au Kanziko, na pikipiki haijapatikana, ni habari nyingine.

Sasa nisije nikawauzia uongo. Kuosha vichezeo peke yake hakutamaliza kuharisha. Huko Bungoma, Kakamega na Vihiga ulifanyika utafiti mkubwa sana, kina mama zaidi ya elfu nane, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2018. Baadhi ya vijiji vilipewa dawa ya kutia katika maji, vingine vyoo vilivyoboreshwa, vingine vifaa vya kunawia mikono, na vingine vyote kwa pamoja. Watu walitarajia kuharisha kupungue. Hapa Kenya hakukupungua. Bangladesh, ambako utafiti ndugu na huo ulifanywa, kulipungua. Wataalamu walizozana sana juu ya sababu, na maelezo mojawapo ambayo mimi naona yana nguvu ni kwamba uchafu unamfikia mtoto kwa njia nyingi kwa wakati mmoja. Ukiziba moja, unapita nyingine. Maji safi unampa, lakini amekaa chini na kuku.

Njia hiyo ya chini tuliidharau muda mrefu. Huko vijijini Zimbabwe watafiti walikaa majumbani saa nyingi wakitazama tu watoto wachanga wanatia nini mdomoni, wakaandika. Matokeo yalitoka mwaka 2013. Waliona watoto wakila mchanga kwa viganja, na wachache walitia mdomoni kinyesi cha kuku chenyewe. Mama yuko hapo hapo anapepeta, hana habari. Si kwamba ni mzembe, ana kazi kumi. Baada ya hapo mradi mmoja mkubwa katika nchi hiyo ukawapa familia mikeka na vizuizi vya kumwekea mtoto mahali pa kuchezea. Hata hao, matokeo yalipotoka mwaka 2019, kuharisha kulikuwa hakujapungua. Nawaambia haya ili asije mtu akanunua dawa ya bei ghali akidhani amefunga mlango wote. Lakini mtoto wako ni mmoja, na kitu kinachoingia mdomoni mwake mara mia kwa siku ni bora kiwe safi kuliko kiwe kichafu. Hasa ikiwa gharama yake ni vikombe viwili vya maji.

Basi tuingie katika kazi yenyewe.

Kwanza, kichezeo ni nini? Tusidhani ni kile kilichotoka dukani peke yake. Watoto wetu wanachezea kijiko, kifuniko cha sufuria, kibuyu kidogo, kopo la mafuta lililotiwa mawe, mdoli wa matambara ulioshonwa na nyanya. (Na kwa wale wanaoogopa mdoli, Bibi Aisha (R.A.) alikuwa na midoli akiichezea na Mtume akiiona, kwa hivyo tuliache hilo.) Wanachezea mswaki wa baba. Wanachezea funguo, na funguo zimetoka mfukoni, na mfuko umetoka sokoni. Halafu kuna simu. Simu ndiyo kichezeo cha watoto wa siku hizi, inashikwa na mkono uliohesabu noti, inaingia nayo mtu mpaka chooni, kisha mtoto akilia anapewa ailambe. Simu haioshwi. Ni kuifuta kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, au, bora zaidi, asipewe. Na vifuniko vya soda na kokwa ndogo ndogo hivyo hata viwe safi namna gani msimpe, vitamkaba koo.

Pili, vigawanyeni mafungu. Vile vinavyokwenda mdomoni ni vichache, pengine vitano au sita. Hivyo vioshwe kila siku, jioni, wakati mtoto amelala. Mtoto akianza kutambaa mpaka afike mwaka mmoja na nusu hivi ndio wakati wa kushika hilo sana, maana kila kitu anakionja. Vya kitambaa, mara moja kwa wiki pamoja na nguo, vikaushwe juani mpaka ndani, maana mdoli uliokauka nje na ndani ni mbichi unaota ukungu. Vikubwa vile, gari la waya, baiskeli ya kusukuma, kiti, ni mpaka uone vimechafuka. Hapo msijisumbue.

Lakini mambo haya matatu hayangoji jioni. Kichezeo kikianguka kwenye kinyesi, cha mnyama au cha mtu. Kikitoka mdomoni mwa mtoto mwingine. Na mtoto mwenyewe au ndugu yake akiharisha au kutapika. Hapo unaosha saa hiyo hiyo. Mwezi huu mtukufu hilo la pili ndilo linatuzidi, kwa sababu tunafuturu pamoja, watoto saba wako kwenye mkeka mmoja na kayamba moja. Mwenyeji anaona haya kuichukua. Ichukue tu, kwa upole, uweke nyingine. Mgeni mwenye akili hatakasirika.

Tatu, namna ya kuosha, na hapa ndipo nasema madrasa ilitupatia hazina tukaiacha kwenye daftari. Tulisomeshwa kwamba maji yasiyofika qullatayn yakiingiwa na najisi yananajisika, hata kama hayakubadilika rangi. Qullatayn ni kama lita mia mbili hivi. Beseni lako la lita tano si qullatayn, dada yangu. Kwa hivyo ukichukua kichezeo chenye kinyesi ukakitumbukiza ndani ya beseni pamoja na vingine vitano, umenajisi vyote sita na maji yenyewe. Tulisomeshwa tuondoe kwanza dhati ya najisi, kisha tumiminie maji juu yake, mpaka rangi, harufu na ladha viondoke. Daktari wa leo angekuambia hivyo hivyo: pangusa uchafu kwanza kwa jani au karatasi, kisha mimina, usitumbukize, maana kutumbukiza kunasambaza. Na kumimina kunakula maji machache kuliko mnavyodhani. Imepokewa kwa Anas (R.A.) kwamba Mtume alikuwa akitawadha kwa mudd moja, nayo ni viganja viwili vilivyojaa, haifiki lita. Sisi tunatawadha kwa kopo zima na nusu yake inamwagika.

Ukiwa na kopo lililotobolewa tundu dogo chini, au kile kimtungi cha kuinamisha kwa kamba ambacho wengine wanakiita kibuyu chirizi, utaosha vichezeo vitano kwa lita mbili. Lita moja ya kulowesha na kusugua kwa sabuni, lita moja ya kumimina. Anzeni na kilicho safi zaidi, kichafu kiwe cha mwisho. Maji ya sabuni yanayobaki yanyweshee mti. Msiyamwage pale anapotambaa.

Sabuni gani? Ya kipande, ya kawaida. Zile zinazotangazwa kwenye televisheni kwamba zinaua vijidudu vyote, msizilipie pesa ya ziada kwa kazi hii. Mwezi wa Septemba 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ilipiga marufuku dawa 19 zilizokuwa zikitiwa katika sabuni za namna hiyo, ikiwemo triklosani, kwa sababu watengenezaji walishindwa kuthibitisha kwamba zinashinda sabuni ya kawaida na maji. Kazi inafanywa na kusugua. Maji ya visima virefu vya huku mengi ni ya chumvi na povu halitoki haraka, na kina mama huongeza sabuni na kuongeza tena. Msitafute povu, sugueni. Sabuni ikikosekana kabisa, jivu safi la jikoni lina nafuu. Mchanga tunaosugulia sufuria usiguse plastiki, unaikwaruza, na ndani ya mikwaruzo ndipo uchafu unapojificha.

Ukimaliza, anika. Jua la Mutomo, ambalo tunalilalamikia kila siku, ni dawa ya bure. Vijidudu vingi havipendi kukauka wala havipendi jua. Lakini visianikwe chini, wala kwenye majani ambako kuku wanapita. Juu ya kichanja cha vyombo, au kwenye wavu ukutani. Nimeona nyumba nyingi vyombo vya kulia vina kichanja kizuri na vichezeo viko chini ya kichanja hicho hicho, vinadondokewa na maji ya vyombo. Visogezwe juu jamani, nafasi ipo.

Kile kichezeo laini cha mpira kinacholia ukikiminya, kina tundu chini. Maji yanaingia hapo na hayatoki. Mwaka 2018 wanasayansi wa Uswisi na Marekani walipasua bata wa plastiki wa kuogea watoto wakakuta ndani ute wa bakteria na ukungu. Kama unacho, kiminye maji yote yatoke, ukianike tundu likitazama chini. Kikianza kunuka, kitupe. Ile chuchu ya mpira ya kumnyamazishia mtoto inachemshwa kwenye maji dakika tano, na ningependa mtoto asiwe nayo kabisa, lakini sitaki ugomvi na mtu leo.

Dawa ya klorini, ile tunayoiita Jik, si ya kila siku. Ni ya wakati wa maradhi, mtoto akiharisha au kipindupindu kikitangazwa. Osha kwanza kwa sabuni, maana klorini haifanyi kazi juu ya uchafu. Kisha, kama chupa imeandikwa asilimia 3.5, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja ya maji, loweka dakika mbili au zaidi, suuza, anika. Usichanganye na siki wala na dawa nyingine ya kusafishia choo, mvuke wake unadhuru kifua. Na chupa yenyewe isikae mahali mtoto anafika. Isimiminwe kwenye chupa ya soda, tafadhali sana.

Halafu kuna mkono. Utaosha vichezeo vyote ving'are, kisha utoke kumsafisha mtoto haja, umshikie kijiko chake kwa mkono ule ule. Kama maji yako ni ya kutosha jambo moja tu, basi osha mikono yako kwa sabuni ukitoka chooni, ukimaliza kumsafisha mtoto, na kabla ya kumlisha. Vichezeo vifuate. Na kuku wafungiwe banda, au mtoto atandikiwe mkeka na kuku wafukuzwe. Mkeka ni rahisi kupanguswa kuliko uwanja.

Kaka zangu wa mlangoni, hapa ndipo mnapoingia. Kutoboa kopo, kupigilia kichanja, kujenga banda la kuku, kuleta mtungi wa ziada siku mtoto anapoharisha, hakuna hata moja katika hayo linalohitaji mtu awe mama. Wazee wetu wa Ukambani walijenga mabwawa ya mchanga kwa mwethya, na tangu miaka ya tisini shirika la SASOL limesimama na wanakijiji wa Kitui kujenga mamia yake mitoni. Mawe yale yalibebwa mikononi. Banda la kuku ni la asubuhi moja.

Baada ya mada niliulizwa maswali, na mhariri ameniomba niweke majibu yake hapa.

Baba mmoja alisema amesikia Wazungu wamegundua kwamba usafi ukizidi unawaletea watoto maradhi. Asili ya maneno hayo ni daktari wa Uingereza, David Strachan, aliyeandika mwaka 1989 kwamba watoto wenye ndugu wengi wakubwa walipata kwa uchache ile homa ya chavua, yaani kupiga chafya na kuwashwa macho, akafikiri huenda ni kwa sababu waliambukizana udogoni. Alizungumzia mzio, hakuzungumzia kuharisha. Na alizungumzia Uingereza, ambako maji yako bombani na kuku wako bandani. Mtoto wetu anacheza nje, anashika mbuzi, analala na ndugu zake watatu. Viumbe vidogo vya kumzoesha mwili wake anavipata vya kutosha bila sisi kumwongezea kinyesi. Ila baba huyo ana haki kwa upande mmoja: mama anayemfungia mtoto ndani na kufuta kila kitu kwa Jik asubuhi na jioni anajichosha bure.

Dada mmoja aliuliza kama maji ya mtoni yasiyotiwa dawa yanafaa kuoshea. Kwa kulowesha na kusugua yanafaa. Kwa kumimina mara ya mwisho, vile vya mdomoni, tumieni maji yale ya kunywa yaliyochemshwa au kutiwa dawa, ni kikombe kimoja tu. Kama hayapo, sugueni vizuri na jua limalize.

Mwingine akauliza, mtoto ameshaanza kuharisha, afanye nini na vichezeo? Nikamwambia vichezeo viwe vya pili. Kwanza ni maji ya chumvichumvi ya pakiti, ORS, kunyonyesha kusikatizwe, na vidonge vya zinki siku kumi mpaka kumi na nne, miligramu 20 kwa siku kwa aliyepita miezi sita na miligramu 10 kwa aliye chini yake. Macho yakizama, au akikosa nguvu ya kunyonya, au ukiona damu, hiyo ni hospitali sasa hivi, si kesho. Akishatulia ndipo uvioshe vyote kwa sabuni na Jik.

Swali la mwisho lilitoka kwa kijana mmoja, na adhana ya Magharibi ilikuwa imekaribia. Mbwa wa boma amekipakata kichezeo kinywani akakitafuna. Katika madhehebu yetu hiyo ni najisi nzito, kinaoshwa mara saba na mojawapo kwa udongo safi uliochanganywa na maji. Kwa kitu kidogo kama kayamba, mara saba za kumimina ni chini ya lita mbili. Nilimshauri kwamba baada ya hapo akisugue tena kwa sabuni, kwa sababu ya udongo wenyewe. Akauliza, na kama ni mdoli wa matambara? Nikamwambia mpe mbwa, nyanya atashona mwingine.